Madhabahu Ng'ambo ya Maji

Someni Yoshua sura ya 22. Makabila ya ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa karibu na mto, na ndugu zao wakakusanyika kwenda kuwapiga. Kabla ya vita alitumwa Finehasi awaulize. Kumbe haikuwa ya sadaka! Waliogopa kwamba siku moja watoto wao wataambiwa mto ni mpaka, hivyo hawana sehemu kwa Bwana.

Sisi wa Mbaha twaielewa hofu hiyo. Malawi hudai ziwa lote hadi ufukweni kwetu, kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Kwa hesabu hiyo, mama anayeteka ndoo hapa amechota maji ya kigeni. Tanzania husema mpaka uko katikati, na mimi naona hiyo ndiyo haki. Mwaka 2012 mzozo ulifufuka kwa ajili ya utafutaji wa mafuta.

Lakini Likoma ni kisiwa cha Malawi, na huko ndiko alikokaa Askofu wa Misioni. Meli Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilihudumia pande zote mbili. Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro bado limesimama kule. Je, si madhabahu yetu pia?

Basi vijana, acheni kuwatukana watu wa ng'ambo. Mvuvi wao akisukumwa na upepo hadi hapa, apewe moto na ugali kwanza. Karatasi zake zitaulizwa baadaye. Na Jumapili hii, katika maombezi, tuwataje.