Mkopaji si Mtoto

Mwaka 1787 Mwingereza Jeremy Bentham alitoa kitabu kizima cha kutetea riba. Alishikilia kuwa mtu mzima mwenye akili timamu asizuiwe kukopa kwa masharti anayoona yanamfaa. Adam Smith, aliyemtangulia, alikubali sheria iweke ukomo. Ubishi wao bado unamhusu mama lishe wa Dar es Salaam anayechukua mkopo wa riba kubwa uitwao "kausha damu" huku riba hiyo akiijua fika.

Ndiyo, anaijua. Anakopa kwa sababu mtaji umekata na benki inataka dhamana asiyokuwa nayo. Kumwambia hajui lililo jema kwake ni kumvunjia heshima, na kumfungia mlango huo bila kumfungulia mwingine ni kumwongezea dhiki. Kenya iliyaona hayo. Septemba 2016 riba za benki ziliwekewa ukomo wa asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki zikaona heri kuikopesha serikali kuliko wafanyabiashara wadogo. Novemba 2019 ukomo ukafutwa.

Hata hivyo, siwezi kusimama na Bentham. Mkopo una watu wawili, naye alimtazama zaidi mmoja. Mtu anapoingia ndani kwa mwenzake kubeba godoro na sufuria, au programu ya simu inapowatumia ndugu na majirani ujumbe wa kumdhalilisha mdaiwa, kuyakomesha hayo si kumlea mdaiwa. Ni kumkataza mkopeshaji dhuluma, jambo ambalo dola inawajibika kulifanya hata kama mdaiwa alitia saini kwa hiari. Kwa hiyo naunga mkono Benki Kuu ya Tanzania kuzifungia, mwaka 2024, programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Ila anayekataza naye anabeba deni. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Muda wote huo mchele na mkaa viliendelea kununuliwa kila siku, na fedha ilibidi itoke mahali. Basi diwani akisimama mkutanoni kukemea kausha damu, muulizeni kwanza: mwaka huu asilimia 10 ya halmashauri yetu imefikia vikundi vingapi?