Kipimo Kimoja kwa Wote, Je, Ni Haki?

Tuchukue mfano wa mume na mke wa Uingereza wenye bustani chini ya kivuli cha mti. Huko wengi hupanda hosta, mmea ambao asili yake ni Uchina, Korea na Japani, nao hupendwa kwa majani yake kuliko maua. Ziko hosta kubwa kama 'Sum and Substance', ambayo kichaka kimoja huweza kutanda mita moja na nusu. Ziko na ndogo kama 'Blue Mouse Ears', iliyochaguliwa kuwa Hosta ya Mwaka 2008 huko Marekani. Majani yake ni manene, ya mviringo, na kimo chake ni sentimita 20 hivi tu.

Mume alizipanda hizo mbili bega kwa bega. Akazipa maji kwa kipimo kimoja, na matandazo ya unene mmoja. Baridi ilipokuja majani yote yalikufa, kama ilivyo kawaida ya hosta, nayo mizizi ikalala ardhini. Baridi ilipokwisha, kubwa ilichipua. Ndogo haikuonekana tena. Mke akasikitika, naye mume akajitetea: "Mke wangu, sikupendelea hata moja."

Je, mume huyu ana hatia?

Mizizi ya hosta ndogo ni mifupi, nayo hukaa juujuu. Matandazo mazito yanayoihifadhi kubwa huifukia ndogo, na unyevu ukizidi chipukizi huoza. Majani ya jirani yakitanda, hata lile jua dogo la asubuhi halipati. Konokono naye akila majani matatu ya kubwa, nani atajua? Akila matatu ya ndogo, ameila karibu yote.

Mimi naona hatia ipo, ingawa hakukusudia ubaya. Alitazama kipimo chake, hakuutazama mmea. Kugawa sawasawa ni kazi rahisi (hata mtu aliyefumba macho aweza kuifanya), ndiyo sababu twaipenda.

Wenye ujuzi huipanda ndogo peke yake katika chungu kilichotobolewa chini, wakachanganya udongo na changarawe ili maji yasituame, na juu wakaweka matandazo membamba. Lakini chungu hukauka upesi. Basi siku za jua itambidi mume aende nacho maji kila jioni, huku ile kubwa ikingojea mvua.