Ramli Yenye Antena: Kuhusu Wajibu wa Kukubali Kujaribiwa

Hadi Desemba 2018, Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kanada ilikuwa na kifungu ambacho wanafunzi wangu hapa Toronto hawaamini kwamba kilikuwapo mpaka niwaonyeshe maandishi yake. Kifungu cha 365 kilimtia hatiani mtu ambaye, kwa hila, angejifanya mchawi, angepiga ramli kwa malipo, au angedai kwamba kwa elimu yake ya siri anaweza kugundua mahali kilipo kitu kilichoibwa au kupotea. Bunge lilikifuta kwa kuwa kilionekana kimepitwa na wakati, na kwa kuwa sheria za kawaida za ulaghai zilitosha. Wanafunzi hucheka. Mimi hukawia kucheka, kwa sababu namkumbuka msichana mmoja.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, Mombasa, wakati bangili ya dhahabu ya mama mkubwa ilipopotea. Aliitwa mtu wa bao. Alitandaza mchanga, akachora, akafuta, na katikati ya kuchora akauliza maswali mengi: nani hulala wapi, nani huingia chumbani kufagia, nani mgeni nyumbani. Mwishowe akasema aliyechukua ni mwanamke, yu karibu, wala si wa damu. Hakutaja jina, wala hapakuwa na haja. Msichana aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani aliondoka jioni ile bila mshahara wa mwezi. Miezi michache baadaye, magodoro ya sufi yalipotolewa uani kuanikwa kabla ya Ramadhani, bangili ilidondoka kutoka kwenye mshono uliofumuka.

Nilifikiri kisa hiki ni cha kwetu tu, cha mchanga na udi, mpaka niliposoma habari za kifaa kilichoitwa ADE 651.

Kifaa hicho kilikuwa mpini wa plastiki wenye antena iliyoshikizwa kwa bawaba, ikizunguka kwa wepesi upande wowote. Hakikuwa na betri. Muuzaji wake, Mwingereza James McCormick, aliyewahi kuwa polisi, alidai kwamba kiliendeshwa na umeme wa mwili wa aliyekishika, na kwamba ukitia kadi inayofaa kingekuelekeza kwenye baruti, dawa za kulevya, maiti, hata pembe za ndovu zilizofichwa, kutoka umbali wa kilomita. Asili yake ilikuwa kidude cha kutafutia mipira ya gofu kilichouzwa Marekani kwa chini ya dola 20. McCormick alikiuza kwa maelfu ya dola kila kimoja. Mteja wake mkubwa alikuwa Iraki, na magazeti ya Uingereza yalipoandika habari za kesi yake yaliwataja polisi wa Kenya pia miongoni mwa wateja.

Anayejua kijiti cha panda ambacho wazee wa Ulaya walikitumia kutafutia maji ardhini ataitambua mbinu hii mara moja. Mwaka 1852 mtaalamu wa Uingereza, William Carpenter, alieleza jinsi misuli inavyoweza kusogea kwa kufuata wazo lililomo akilini, bila mwenyewe kukusudia wala kuhisi. Mkono ukiinama kidogo tu, kijiti huzama au antena hugeuka, na mwenye mkono huapa kwamba hakufanya lolote. Naye huapa kwa haki, kwa kuwa hasemi uongo. Anachosoma kwenye antena ni dhana yake mwenyewe, iliyotoka kwake ikamrudia kwa sura ya ushahidi.

Ndiyo maana vifaa hivi hukosea kwa namna mbili, na kwa kawaida tunazungumzia moja tu. Ya kwanza ni kupitisha hatari. Tarehe 25 Oktoba 2009 mabomu ya magari yaliua watu zaidi ya 150 katikati ya Baghdad, mji ambao vituo vyake vya ukaguzi vilitegemea antena hizi. Ya pili ni kumwelekea asiye na hatia. Kusini mwa Thailand, askari walipotumia kifaa cha aina hiyo hiyo, GT200, watu walikamatwa kwa sababu antena iliwageukia. Ilipofika Februari 2010 serikali ya Thailand ikakijaribu: katika majaribio 20 kilipatia 4 tu, matokeo ambayo mtu angeyapata kwa kubahatisha. Katika kosa hili la pili antena hufanya kazi ile ile ya mchanga wa mtu wa bao. Humpata yule ambaye mwenye kuishika alikwisha kumshuku, kisha humwondolea mshukaji aibu ya kushuku.

Aliyeuona udanganyifu huu mapema alikuwa mzaliwa wa mji huu ninaoandikia. James Randi alizaliwa Toronto mwaka 1928, akaishi kwa kazi ya kiinimacho, na alipofariki mwaka 2020 alikuwa amewajaribu watafuta maji na wadai miujiza kwa miongo mingi. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kwanza alimwomba mdai aeleze kwa maneno yake mwenyewe anachoweza kufanya. Kisha alikificha kitu kwa namna ambayo mdai, na yeyote aliye karibu naye, hakujua kilipo. Wengi wa watafuta maji, kwa maelezo ya Randi mwenyewe, walikuwa watu waaminifu, na waliposhindwa walishangaa kweli. Mwaka 2008 aliwaahidi watengenezaji wa ADE 651 dola milioni moja iwapo wangethibitisha kwamba kinafanya kazi. Hakuna aliyekuja kuzichukua. Mwaka uliofuata mabomu yakalipuka Baghdad.

Hapa ndipo swali la kimaadili linapoanza. Iwapo jaribio ni rahisi kiasi hicho, mbona halikufanywa na waliotia saini mikataba? Sehemu ya jibu ni rushwa. Lakini rushwa haielezi yaliyofuata. McCormick alifungwa miaka 10 mwezi Mei 2013, na hata hivyo antena zake ziliendelea kushikwa katika vituo vya Baghdad hadi Julai 2016, wakati bomu la Karrada lilipoua mamia ya watu na waziri mkuu Haider al-Abadi akaamuru ziondolewe. Kwa miaka mitatu ukweli ulikuwa hadharani. Askari aliyesimama juani hakuwa na uwezo wa kukikataa kifaa alichopewa na mkubwa wake, na mkubwa wake hakupita njia ile kwa miguu. Waliokuwa na uwezo wa kudai jaribio hawakuwa wale ambao wangekufa kwa kukosekana kwake.

Mwanafalsafa W. K. Clifford, katika insha yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini, alitoa mfano wa mwenye meli aliyejua kwamba chombo chake kimechakaa, akajituliza moyo mpaka akaamini kwa dhati kwamba kitafika, akakiruhusu kitweke na abiria. Clifford anamhukumu ingawa imani yake ilikuwa ya kweli, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuiamini bila kukichunguza chombo. Naikubali hukumu hiyo, lakini naongeza jambo ambalo msichana wa nyumbani kwetu alinifundisha. Deni la uchunguzi lina mdai maalumu. Anayedai kuona yaliyofichika anawiwa jaribio na yule ambaye kidole kinaweza kumwelekea, kabla ya kuwiwa na anayemlipa. Anayelipa amechagua. Anayeelekezewa kidole hakuulizwa.

Najua pingamizi litakalotoka kwa baadhi ya wasomaji, maana nimewahi kulitoa mwenyewe: kwamba hoja hizi ni mabaki ya dharau ya mkoloni. Sheria za uchawi za Kenya ya mwaka 1925 na Tanganyika ya mwaka 1928 ziliandikwa na watu waliodhani kwamba wepesi wa kudanganyika ni tabia ya Mwafrika. ADE 651 imelijibu dai hilo vya kutosha: mwenye ramli alitoka Uingereza. Wala kukubali kujaribiwa si desturi ya kigeni. Mvuvi wa pwani anayesoma nyota na mikondo hujaribiwa na bahari kila siku, na dema likirudi tupu hana wa kumlaumu. Fundi wa jahazi hupimwa na maji. Wazee hao hawakuomba kamwe elimu yao isiguswe. Tuheshimu elimu hizo kwa sababu hiyo hiyo, tusizitumie kama pazia la bao. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku wapiga ramli chonganishi mwaka 2015, haikuwa inapigania heshima ya maabara. Watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa, na Usukumani bikizee walikuwa wakikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu.

Kwa hiyo sisikitiki sana kwamba Kanada imekifuta kifungu cha 365. Sheria iliyomwandama mpiga ramli wa kichochoroni isingemgusa muuzaji mwenye ankara, vipeperushi na vyeti. Kinachohitajika ni desturi, si kifungu: kwamba kabla kidole hakijanyooshwa, aliyeshika bao, antena au programu ya kompyuta afichwe kitu, akitafute bila kujua kilipo, na matokeo yasomwe mbele ya wote.

Hata hivyo jaribio lina mpaka wake. Bangili ya mama mkubwa ilipodondoka uani, bao lilikuwa limekwisha kujaribiwa na kushindwa, na sote tulishuhudia. Ilipanguswa sufi, ikavaliwa siku ya Idi. Aliyeondoka hakutajwa tena. Kijiji chao tulikijua, na nauli ya basi hadi huko haikuwa kubwa.