Je, Jina la Yakobo Lina Mkosi?



Majuma machache yaliyopita tulikaa na familia moja ya kanisa letu iliyokuwa ikitafuta jina la mtoto wa kubatizwa. Baba alitaka Yakobo. Bibi akakataa katakata. Babu wa mtoto aliitwa Yakobo, akauawa vitani. Mjomba aliitwa Yakobo, akafia njiani tulipokuwa tukikimbia. "Jina hilo limekwisha kula watu wawili," alisema. Hatukumcheka. Ni nani kati yetu asiye na jina ambalo nyumbani kwake halitajwi tena?

Tena bibi angetaka ushahidi zaidi, upo. Kwa Kiingereza, Yakobo wa Agano Jipya huitwa James, na nchi ya Uskoti ilikuwa na wafalme wengi wa jina hilo. Wa kwanza aliuawa na watu wake mwenyewe mjini Perth mwaka 1437. Wa pili alisimama karibu na mzinga wake mwaka 1460, ukapasuka ukamwua. Wa tatu alikufa mwaka 1488 akipigana na waasi, na mwanawe alikuwa upande wao. Mwana huyo, wa nne, akaanguka vitani Flodden mwaka 1513. Wa tano alikufa mwaka 1542 akiwa na miaka 30 tu, majuma matatu baada ya jeshi lake kushindwa.

Lakini wa sita, yule aliyeagiza tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1611, alifia kitandani mwaka 1625. Jina ni lilelile! Wa saba alikimbilia Ufaransa mwaka 1688, akafa huko mwaka 1701 bila kukirudia kiti chake. Mfalme mkimbizi, wapendwa, ingawa yeye alipewa kasri, hakupewa turubai.

Waliowaua ni vita, fitina na baruti. Mzinga hauulizi jina la mtu.

Linalotusumbua zaidi liko katika Matendo 12. Herode anamwua Yakobo mwana wa Zebedayo kwa upanga. Kisha anamkamata Petro, na malaika anamtoa gerezani. Mfalme yuleyule, kanisa lilelile. Kwa nini mmoja na si mwingine? Luka hatoi sababu. Kifo cha Yakobo anakipa mstari mmoja tu, na hatuambiwi mama yake alilia namna gani, yule aliyewahi kuwaombea wanawe viti kando ya Bwana. Sisi pia hatutamdanganya bibi kwamba tunajua sababu. Tunajua tu kwamba hakuna mahali Maandiko yanaposema kifo hicho kilitokana na kosa la Yakobo, wala na jina lake.

Tulipomkumbusha Yakobo wa kale, aliyemkimbia ndugu yake na kukaa ugenini miaka 20, kisha akafia Misri, bibi alinyamaza muda mrefu. Akauliza, "Huyo walimrudisha kwao?" Tukamsomea Mwanzo 50, jinsi wanawe walivyombeba hadi Kanaani na kumzika pangoni na baba zake. Alilia. Kaburi la mjomba liko kando ya njia ambayo leo hatuwezi kuirudia.

Kisha akasema mtoto aitwe Yakobo, ila wale wawili watajwe kwanza.

Ubatizo utafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada ya asubuhi. Walio na majina ya marehemu wanaotaka yatajwe siku hiyo wayalete kwa wazee wa kanisa kabla ya Ijumaa.