Nani Hujenga Nyumba ya Kupangisha?

Je, ni haki mtu kuishi kwa kodi ya chumba anacholala mwenzake? Swali hili lilipoulizwa katika nchi yetu mwaka 1967, jibu lilikuwa kali. Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, likaliweka jambo hilo katika kundi moja na kuwa na hisa katika makampuni na kupokea mishahara miwili. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kazi ya kuyasimamia akapewa Msajili wa Majumba. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1991 Chama, kilipokutana Zanzibar, kililegeza masharti yale ya uongozi, na leo mwenye vyumba vitano vya kupangisha haitwi mnyonyaji. Huitwa mtu aliyejua kujipanga.

Lakini swali la haki halifutwi na kulegezwa kwa masharti ya Chama. Kama jambo lilikuwa dhuluma jana, haliwi halali leo kwa sababu tu wengi wanalifanya. Na kama halikuwa dhuluma, basi wenye nyumba wa wakati ule walionewa. Hapana budi tulitazame jambo lenyewe.

Tulitazame, ndugu msomaji, mahali padogo ambapo watu wanajuana: Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia. Mwenyeji wa hapa kwa kawaida hapangi. Ana kiwanja cha baba yake, ana ndugu zake, na akikosa vyote ana banda la shangazi. Anayepanga ni mgeni: mwalimu aliyepangiwa kazi kisiwani, muuguzi, mtumishi wa Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, mfanyabiashara wa samaki, au kijana anayewapeleka watalii kumtazama papa potwe anapokuja karibu na pwani yetu kuanzia Oktoba hadi Machi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari ya vyumba vya kupanga, msemo huu ni wa kweli kuliko wengi wanavyodhani.

Maana kujenga kisiwani ni gharama. Saruji, nondo na bati huvuka bahari, na kila anayeubeba mzigo, tangu bandarini hadi ufukweni, huongeza lake. Zamani jiwe na chokaa vilipatikana hapa hapa kwa kuvunja matumbawe na kuyachoma. Siku hizi tumekwisha kufahamu kwamba tumbawe lililo hai ni nyumba ya samaki, na mwenye kulivunja anajenga nyumba yake kwa kubomoa ya mwingine.

Kijana anayetaka kuanza ana njia chache za kupata mtaji. Benki zipo, na tangu mwaka 2008 kuna sheria ya mikopo ya nyumba. Lakini benki hutaka hati na mshahara wa kila mwezi, na viwanja vingi vya kisiwani vinajulikana kwa mipaka ya minazi na ushahidi wa wazee. Njia nyingine ni kuweka minazi rehani: mkopeshaji huangua nazi mpaka siku atakapolipwa fedha zake. Njia hii ni ya zamani katika mwambao wetu, na wanaochunga dini wameitilia shaka, kwa kuwa nazi anazokula mkopeshaji zinafanana mno na riba. Iko pia njia ya upatu, ambayo ni safi lakini ni ya polepole. Na iko njia ya kumvizia mwenye shida: mtu ana mgonjwa wa kupeleka Muhimbili, anauza kiwanja kwa nusu ya bei, na mnunuzi anatamba kwamba amepata bahati. Hiyo si bahati. Ni ugonjwa wa mtu umegeuzwa kuwa faida. Mwenye moyo angemkopesha yule mtu nauli kwanza, kisha wakazungumza bei baada ya mgonjwa kurudi.

Lakini njia inayotumika zaidi haitajwi na mtu yeyote kuwa ni mkopo. Kijana hujenga kuta kwa fedha zake, huezeka chumba kimoja au viwili, kisha hutafuta mpangaji. Mpangaji huambiwa alipe miezi sita, aghalabu mwaka mzima, kabla hajaingiza godoro. Fedha hiyo ndiyo inayonunua madirisha, inapiga sakafu, na kuezeka vyumba vilivyobaki. Miezi kumi na miwili iliyolipwa mbele ni mkopo, tena mkopo usio na riba, wala dhamana, wala barua ya benki. Aliyeutoa ni mtu mwenye mshahara mdogo, asiye na jamaa kisiwani, na mara nyingi naye amekopa ili aupate.

Mpwa wangu ana vyumba vinne Kilindoni alivyovijenga kwa namna hiyo. Muuguzi mmoja alimlipa mwaka mzima, na mwezi wa tano akahamishwa kurudi bara. Akaomba arejeshewe kodi ya miezi saba. Mpwa wangu alinijia akiwa amekasirika. "Mjomba, mimi sikumfukuza. Ameondoka mwenyewe, na mkataba hausemi kurudisha. Tena fedha zenyewe hazipo, ziko juu pale kwenye bati."

Tukubali kwamba hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja uliosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kweli haukusema. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mengi yameachwa kwenye maelewano ya watu wawili, ambao mmoja wao ndiye mwenye ufunguo. Isitoshe, mwenye nyumba ana hasara zake. Chumvi ya bahari hula bati, mchwa hula boriti, chumba hukaa miezi bila mtu, na Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024 hakikuuliza nyumba ni ya nani. Anayebeba hatari hizi anastahili ujira, na hapo naona Azimio lilizidisha ukali: kodi si unyonyaji kwa asili yake. Ni malipo ya jasho lililotangulia na ya hofu ya kesho.

Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayomfunga mpwa wangu. Kama kodi ni malipo ya kubeba hatari, basi aliyepokea mwaka mzima mbele amemtwisha mpangaji sehemu ya hatari hiyo. Chumba kikikaa kitupu, anayepata hasara ni yule aliyekwisha kulipa. Mwenye nyumba hawezi kudai ujira wa mzigo alioutua kwenye kichwa cha mwingine. Nilimwambia hivyo, na nikamwuliza: "Kama fedha za muuguzi ziko kwenye bati, bati lile ni la nani?" Hakunijibu. Alipopata mpangaji mwingine, alianza kumpelekea muuguzi kodi yake kidogo kidogo kwa simu, mpaka miezi saba ikaisha.

Huenda msomaji akasema kwamba huo ni wema, si wajibu. Mimi nasema ni wajibu. Wema ungekuwa kumrudishia hata ile miezi mitano aliyokaa. Kumrudishia asichokitumia ni kulipa deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Kwa hiyo, anayeanza kutafuta nyumba ya kupangisha asijiulize tu kiwanja kiko wapi na fedha zitatoka wapi. Ajiulize fedha hizo ni za nani mpaka lini. Kodi ya mbele aiandike katika daftari upande wa madeni, na kila mwezi unapokwisha avushe mwezi mmoja upande wa mapato. Paa likivuja, alizibe bila kuombwa mara tatu. Mpangaji akihamishwa, amrudishie kilichobaki, na kama hakipo waahidiane siku mbele ya shahidi. Akifanya hivyo, nyumba yake ni halali, na aliyelala ndani yake hakunyonywa. Asipofanya hivyo, amechukua nyumba iliyojengwa na mgeni, akamtoza tena mgeni huyo kodi ya kulala ndani yake.