Pikipiki Moja, Madeni Mawili

Wanangu mnaosoma biashara, nimechoka, lakini nitasema tena. Kila likizo mnarudi Bariadi na madaftari yenu, mikataba mwanzoni, madhara mwishoni, kana kwamba ni mambo ya nchi mbili. Kisha mnanijia na kesi ileile ya bodaboda. Nilikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo mpaka mvi zikanimaliza, na kwa macho yangu pikipiki zilileta ugomvi zaidi kuliko ng'ombe walioingia shambani. Na ng'ombe wa Usukumani mnawajua.

Basi tuitazame pikipiki hiyo. Tajiri anayo, kijana hana. Wanakubaliana kijana alete hesabu, tuseme shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 14, kisha kadi iwe yake. Kijiweni wanauita mkataba, na hawajakosea. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai muhuri ili makubaliano kama hayo yawe mkataba. Inataka watu wazima wenye akili timamu, waliokubaliana kwa hiari bila kutishwa wala kulaghaiwa, kila upande ukitoa kitu, na jambo lenyewe liwe halali. Mdomo unatosha.

Mdomo unatosha mpaka mwezi wa 11. Kijana ameugua wiki tatu, hesabu hazikwenda, tajiri anakuja alfajiri na kuondoka na pikipiki. Mlikubaliana nini kuhusu ugonjwa? Kimya. Tairi na injini ni juu ya nani? Kila mmoja anaapa. Hesabu za miezi kumi ziko wapi? Alipewa mkononi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walilijua hilo kabla Waingereza hawajatuletea sheria waliyoitunga India mwaka 1872, ambayo ndiyo mama wa hii yetu. Niliona vijana wakilia pale barazani na haki wanayo, ila hawana hata karatasi ya sigara iliyoandikwa tarehe.

Sasa kijana huyohuyo, akiwahi abiria Somanda, anamgonga mama muuza nyanya na kumvunja mguu. Mama hakukubaliana na mtu chochote. Mkataba haupo, deni lipo: hayo ndiyo madhara ya mwishoni mwa madaftari yenu. Atakayemdai lazima aonyeshe kwamba kijana alipaswa kuwa mwangalifu kwake, kwamba hakuwa, na kwamba mguu umevunjika kwa sababu hiyo. Hapo ndipo tajiri anapojificha. Kijana angekuwa mwajiriwa aliyekuwa kazini, mwajiri angelipa pamoja naye. Lakini tajiri atasema, "Huyo si mtu wangu, ananunua." Kijana naye atasema kadi ina jina la tajiri. Mnaona? Mkataba ulioachwa bila kuandikwa sasa unamtesa mtu wa tatu. Bima ambayo ninyi mnaikata kumkwepa trafiki, sheria iliiweka kwa ajili ya mama huyo.

Na kesi za pamba nazo, msiwe wepesi wa kuzijibu. Msimu wa 2019 bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wa Simiyu wakakaa miezi wakisubiri fedha zao. Mkulima alipeleka pamba AMCOS, yaani chama cha ushirika cha masoko ya mazao. Amdai nani? Alitaka kumshika mnunuzi koo, na mimi nilimwelewa, lakini kwa kawaida asiyekuwemo kwenye mkataba hana mlango wa kuudai. Kwanza asome risiti, aone ni nani aliyejifunga kumlipa. Na tusijisafishe sana: mkulima aliyemwagia pamba maji ili izidi uzito naye amevunja ahadi, hata kama mizani ya wanunuzi iliyompunja mkulima miaka ya 1950, iliyowasukuma akina Paul Bomani kuunda ushirika, haijasahaulika.

Jambo moja dogo kwa mtakaosafirisha mizigo. Mwaka 1854 mahakama ya Uingereza ilimnyima mwenye kinu cha Gloucester faida aliyopoteza, kwa sababu msafirishaji aliyechelewesha kifaa chake hakuwa amejua kwamba kinu kitabaki kimesimama. Kifungu cha 73 cha sheria yetu kinafuata njia hiyo. Ukimkabidhi dereva wa Fuso kipuri cha kiwanda cha kuchambua pamba, mwambie mbele ya shahidi kwamba kikichelewa kiwanda hakifanyi kazi, na hasara itakuwa kiasi gani.

Tena msikalie haki zenu mkingoja tajiri aone haya. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kudai kilichotokana na mkataba, lakini kwa madhara ni miaka 3 tu. Kama mnamfahamu mama aliyegongwa na bado anaahidiwa "kesho", mwandikieni tarehe ya ajali, mtafuteni shahidi, na mpelekeni mahakamani mwaka huu.