Kuhani Alirudi Kutazama

Jumatano

Soma Walawi 14:33–48. Kuhani alipoona doa ndani ya nyumba alifanya nini? Kwa nini alipaswa kurudi na kutazama tena?

Nondo tunayemzoea katika Maandiko ni yule wa Mathayo 6:19, anayeharibu mali tuliyojiwekea. Leo tumtazame mwenzake anayekula miti.

Mwishoni mwa miaka ya 1860, Mfaransa mmoja, Étienne Léopold Trouvelot, alikuwa akiishi Medford, mji ulio karibu na Boston, Marekani. Alikuwa mchoraji, lakini alipenda sana wadudu wanaotoa hariri. Alileta kutoka Ulaya mayai ya nondo ambaye hakuwapo Amerika, akawafuga nyumbani kwake katika mtaa wa Myrtle. Baadhi ya viwavi wakatoroka.

Inasimuliwa kwamba hakuficha. Alitambua hatari, akawaarifu wengine kwamba wadudu wametoka. Hapa naomba darasa litulie kidogo. Mara nyingi tunahubiri juu ya Akani, aliyefukia vitu chini ya hema. Huyu hakufukia kitu, alisema. Waliosikia ndio hawakuchukua hatua. Naye, baada ya muda, akageukia elimu ya nyota, na mwaka 1882 akarejea Ufaransa.

Miaka ikapita bila kishindo. Wadudu walikuwa wachache, na majirani walioanza kusumbuliwa walidhani ni viwavi wa kawaida tu. Kisha ukafika mwaka 1889. Viwavi walifunika vigogo, kuta za nyumba na njia za watembea kwa miguu. Katikati ya majira ya joto miti ilisimama mitupu kama wakati wa baridi. Wenyeji walisimulia kwamba usiku walisikia sauti ya kutafuna juu ya vichwa vyao.

Soma Mhubiri 8:11. Kukawia kwa matokeo kunafanya nini moyoni mwa mwanadamu?

Katika kanisa moja nililowahi kutumika, ndugu aliyeshika sadaka alikuja mwenyewe mbele ya baraza akaungama kwamba amechukua kiasi cha fedha. Tulilia pamoja naye. Tuliomba, tukamshukuru kwa ukweli wake, tukafunga kikao. Hakuna aliyeomba kuona daftari, na ufunguo wa kasha ukabaki mfukoni mwake. Kiasi kile cha kwanza kingelipika kwa mshahara wa mwezi mmoja. Miaka mitatu baadaye ilikuwa ni fedha ya mabati ya jengo zima. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao kile cha kwanza. Niliandika: “Jambo limekwisha.”

Turudi Medford. Mwaka 1890 serikali ya jimbo la Massachusetts ilitoa fedha, na watu wakaajiriwa kupita mti kwa mti. Jike wa nondo huyu wa Ulaya ana mabawa lakini haruki. Hutaga mamia ya mayai mahali pamoja, juu ya gome, chini ya jiwe, hata kwenye gari, na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake hadi yafanane na kipande cha sifongo. Mayai hayo hukaa hapo miezi minane au tisa. Kwa hiyo kazi iliyo bora ya kumzuia hufanyika wakati ambapo hakuna jani linaloliwa wala mtu anayelalamika: mtu huchukua kisu na ndoo, hukwangua mayai na kuyaangamiza. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na wa kuisifu.

Ilifanikiwa mno, na hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kufikia mwishoni mwa muongo ule nondo alikuwa haba sehemu nyingi, na mwaka 1900 fedha zikasitishwa. Mwaka 1905 ilibidi kuanza upya, huku eneo lililovamiwa likiwa limepanuka mara kadhaa. Mwaka 1981 viwavi hawa walipukutisha majani ya miti katika ekari karibu milioni 13 za kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mpaka leo hawajatokomezwa. Wanachofanya wataalamu ni kupunguza kasi ya kuenea kwao, kwa mitego na ukaguzi wa kila mwaka.

Sasa soma tena Walawi 14:42, 43. Nyumba ilikuwa imekwisha kukwanguliwa na kupakwa upya. Ilipendeza! Lakini torati haikumruhusu kuhani kuitangaza safi kwa sababu ya lipu mpya. Alipaswa kuja na kuangalia. Na 1 Yohana 1:9 inataja mambo mawili ambayo Mungu huwafanyia wanaoungama, nasi mara nyingi tunasoma la kwanza na kufunga Biblia. Kusamehe tulimsamehe ndugu yule, na sijuti. Tulimnyima lile la pili. Kumwondolea ufunguo na kukaa naye juu ya daftari kila Jumapili kungekuwa rehema kwake, ingawa wakati ule tuliona ni kumdhalilisha.

Yeye bado yuko kanisani, kwa neema ya Mungu. Amekuwa akilipa kidogo kidogo. Mwaka jana aliniuliza, bila hasira, “Mzee, kwa nini hamkurudi?”

Jadilini darasani: Soma Wagalatia 6:1, 2. Mtu akiungama kwenu Sabato hii, nani atamtembelea juma lijalo, na atauliza nini?